Koti la Kutundika Mlangoni

Kijiwe chetu cha Kasongo hakina benchi. Kina mtumbwi. Ni mtumbwi wa zamani uliopasuka tumbo kule Nyangwe, ukaletwa mjini na watu waliosema wataupasua mbao za milango, wakachoka, wakaupindua mbele ya nyumba ya Ramazani fundi cherehani. Tangu siku hiyo wanaume wanaukalia. Upande mmoja Amisa anapika kahawa ya tangawizi, upande wa pili mimi, Mado, ninakaanga maandazi, na katikati yetu domo linapigwa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Wanaume wale wamekalia mtumbwi miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja aliyefika mbali, lakini mtu akitaka kusafiri, wao ndio wanaomweleza njia.

Na siku ile aliyetaka kusafiri alikuwa Amisa mwenyewe.

Kule Elisabethville kulikuwa na mtu wa kwetu, mfanyakazi wa reli, aliyejenga nyumba nzuri na sasa anamwoza binti yake. Alitaka sebule yake itandikwe mikeka ya Kasongo, ukuta hadi ukuta. Sasa mkeka hauzaliwi mkeka. Unaanza kuwa ukili, ule msuko mrefu wa ukindu tunaousuka kwa vidole huku tunasengenya, halafu ukili unashonwa kwa ukili mwenzake mpaka upana utoshe. Na ukuta mmoja wa sebule ile, tuliambiwa, umepinda kama mgongo wa chungu. Nani atashonea ukuta uliopinda naye yuko Kasongo? Ndiyo maana kili zilikuwa zinasafiri bila kushonwa, zimeviringishwa kama magurudumu, na mwenye sindano alikuwa lazima aende nazo. Wanawake wa mtaa mzima tulisuka. Hata mimi Mkristo wa misioni nilisuka mpaka vidole vikaota sugu. Kazi hii ikipendeza, arusi zote za watu wetu kule zitatuita sisi. Amisa akikwama, basi tumesuka bure.

Kili zilikuwa zimekwisha kupakiwa kwenye motokari ya pamba, pale sokoni, ya kumfikisha Amisa kwenye kivuko na ng'ambo mpaka stesheni ya Samba. Dereva wake, Emile, alikuwa akipiga honi kila alipokumbuka kwamba yeye ni mtu mwenye haraka. Kilichobaki ni ruhusa ya biro, ofisi ya serikali. Enzi zile za Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, mwanamke hakwenda mji mkubwa hivihivi. Biro ilitaka kujua ni mke wa nani. Asiye na mume aliandikwa mwanamke wa peke yake, na jina hilo lilimtangulia aendako: polisi wanamgongea mlango, wenye nyumba wanamfungia. Amisa ni mjane, eda yake ilikwisha zamani. Aliomba ruhusa, akaambiwa angoje. Alikuwa bado anangoja, na kwa kuwa hajui kungoja mikono mitupu, alipika kahawa yake kama siku zote. Mimi nilikuwa siwezi kukaa wala kusimama. Andazi la kwanza liliungua, na la pili.

— Kunywa nawe kidogo, shemeji, hapana kukimbia, — alisema Ramazani. Huyu ni ndugu wa marehemu mume wa Amisa, na kijiweni tunamwita Nanga, maana jambo lolote likitaka kwenda, yeye analishika chini. — Motokari hii ikikuacha, iko ingine.

— Ingine iko ya juma linalokuja, shemeji. Arusi haitaningoja.

— Arusi ni ya watu. Watu wanangoja.

— Muzee Nanga, acha mama asafiri, — akasema Célestin. Huyu ni Gazeti. Alisoma kwa mapadri, na kila anachosema kimeandikwa katika gazeti ambalo sisi wengine hatujaliona. — Mama Amisa, sikia vizuri. Sheria ya kwanza ya mwanamuke wa biashara mu muji mukubwa: hapana simama. Ukisimama, watu wanajua haujui njia. Wewe tembea tu.

— Nitembee niende wapi, kama sijui njia?

— Tembea kwanza. Njia utaikuta mbele.

— Wapi! — akadakia Bulaimu. Bulaimu ndiye tunayemwita Kabalo. Zamani alipeleka mbuzi Kabalo, akalala huko, akarudi, na hajawahi kututua mzigo wa safari ile. — Kabalo hapana kutembea. Kabalo ndipo unabadilisha treni. Unashuka, unaweka mizigo chini, unaikalia. Miye nilikalia mbuzi.

— Ulikalia mbuzi?

— Alikuwa amefungwa.

Amisa akacheka, akammiminia Kabalo kahawa. Kisha akaweka birika juu ya jiwe.

— Miye nilitaka kuwauliza neno moja tu. Kule Elisabethville, watu wakiingia mu nyumba...

— Hapana ingia mu nyumba ya mutu! — Nanga akamkata. — Hiyo ndiyo neno la kwanza. Hapana ingia, hapana kula, hapana cheka. Umesikia namna umecheka sasa hivi? Kule ukicheka hivyo, mutu anajua umetoka mbali.

— Lakini ninakwenda kushona ndani ya nyumba, shemeji. Nitashonea inje?

— Shona karibu na mulango.

Honi ikalia sokoni. Nilimtazama Amisa, naye akatazama njia ya biro. Hakuna mtu.

— Mambo ya biro yasikuangaishe, mama, — Gazeti akamnong'oneza, akiinama kama anatafuta kitu miguuni. — Kuna mutu amekwisha kuyatengeneza.

— Nani?

— Mutu.

Akarudi kukaa, akaweka sura ya mtu aliyefanya jambo. Sikulitia maanani. Gazeti ana sura hiyo hata akifunga kamba ya kiatu.

— Funguo, — akaendelea kwa sauti ya wote. — Ile niliisoma. Mwanamuke wa biashara anavaa funguo mu shingo. Funguo kubwa. Watu wakiona funguo, wanasema huyu iko na mulango yake, na nyuma ya mulango iko na watu yake.

— Miye sina mulango kule.

— Nani atajua? Mulango haiandikwe ku funguo.

— Na usiku? — Kabalo akauliza. — Ataona funguo nani, usiku? Ninyi hamuna habari. Kule Elisabethville usiku haiko. Iko bomba kubwa ya mashini ya shaba, inatapika moto, mbingu inakuwa nyekundu tangu jua linazama mupaka linatoka. Mutu wa kule alinieleza, tulikuwa naye Kabalo. Mwanamuke musilamu akifika anasali magaribi, anakunja musala, anatazama inje, mbingu ingali nyekundu, anasali tena. Iko mama mumoja alisali magaribi mupaka asubuhi.

— Astakafiru, Kabalo, — akasema Nanga.

— Ninasema nilivyoambiwa. Kwa hiyo mama Amisa, saa ya kulala hapana angalia mbingu. Angalia kuku. Kuku akilala, wewe lala.

— Na kama hakuna kuku?

Kabalo akanywa kahawa taratibu. Kabalo kulikuwa na kuku. Zaidi ya hapo hakujua.

— Kuku si kitu, — akasema Nanga. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na cherehani nyuma yake ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. — Semeni neno la kweli. Wanawake wanaokwenda kule, mbona hawarudi?

Ni kweli. Wako waliotoka mtaani kwetu wakasema wanakwenda kusalimia tu, na mpaka leo wanasalimia.

— Ni taa, — akasema Gazeti. — Taa za njiani zinaharibu macho. Mutu akirudi huku, giza linamuuma. Iliandikwa.

— Ni viatu, — akasema Kabalo. — Wanavaa viatu vya kisigino, miguu inapinda, njia ya Kasongo inawashinda.

— Ni maji, — akasema Nanga. — Maji ya bomba. Yamepita ndani ya chuma, yamekufa. Mutu akiyanywa anaanza kusahau. Kwanza anasahau njia, nyuma anasahau nyumba, nyuma anasahau majina. Anastasie wa pale jirani ya musikiti alikwenda, alikunywa, leo hata shangazi yake hamujui. Shemeji, hapana kunywa maji ya kule.

— Nitakunywa nini, shemeji? Arusi na kushona kote kule, nitakaa na kiu?

— Beba maji ya kwetu.

— Mutungi, ku treni!

— Beba, — akasema Nanga, na hakuwa anatania. Mimi nilitaka kumcheka nikashindwa.

— Labda hawarudi kwa sababu ya ninyi, — nikasema kutoka kwenye kikaango changu. — Wamepata mahali pa kunyamaza.

— Mama Mado, geuza maandazi yako.

Honi tena, mara hii ndefu. Kabalo naye akasogea pembeni ya Amisa, akajifanya anachagua kikombe. — Biro usiogope, — akamwambia chini chini. — Mwenzako amekwisha kukusemea.

— Na wewe tena? Amenisemea nani? Amesema nini?

— Utajua ukipata.

Amisa akanitazama. Nilimwona anaanza kuingiwa na wasiwasi, akafunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea. — Wababa, — akasema, — miye ninawauliza kitu kidogo kabisa. Watu wa kule wakiingia mu nyumba yenye mukeka, wana...

— Koti! — Gazeti akapiga paja. — Bwana, tumesahau koti! Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Mwanamuke wa safari anabeba koti ya mwanaume. Akifika mahali pa kulala, anaitundika inje ku mulango. Mutu akipita anaona koti, anasema, hapa iko mwenyewe, anakwenda zake. Hata polisi.

Nitasema haki: lile lilikuwa shauri la kwanza lenye kichwa na miguu. Hata Amisa aliitikia kwa kichwa. Lakini Gazeti akatia chumvi: koti liwe na kiko mfukoni. Kabalo akasema kiko hakitoshi, viatu viwekwe chini yake, kimoja kikiangalia ndani na kimoja nje, kama vya mtu ambaye hajakata shauri. Gazeti akasema na akohoe mtu. Nani akohoe? Amisa mwenyewe, kwa sauti nzito, kila baada ya muda. Wakaanza kumfundisha kukohoa. Wanaume wazima watatu juu ya mtumbwi, wanakohoa, na kina mama wanaopita kwenda kisimani wanauliza kama kuna ugonjwa.

— Sasa koti ya nani? — nikauliza.

Ndipo vita ikaanza.

— Yangu, — akasema Gazeti. — Iko ya kitambaa ya misioni.

— Yako ni fupi, inaonyesha mutu mudogo, — akasema Kabalo. — Achukue yangu. Imefika Kabalo.

— Koti ya kutundika ku mulango wa bibi ya ndugu yangu, — akasema Nanga akisimama, — ni koti yangu. Ni miye niko na haki.

— Haki gani zaidi ya mutu aliyekwenda mwenyewe ku...

Gazeti akaziba mdomo. Kabalo akamgeukia haraka. — Ulikwenda wapi?

— Hapana mahali. Na wewe?

— Hapana mahali.

Tukiwa hapo akafika mgeni. Alikuwa mtumishi wa biro, kofia mkononi, jasho shingoni. Jina lake Grégoire, kama alivyojitaja. Wamemhamisha kutoka Kabambare juzi tu, mji hajaujua, watu hajawajua, na alikuwa ameuliza njia mpaka akachoka.

— Jambo yenu, wababa. Ninatafuta mama Amisa wa kahawa.

— Ndiye miye, baba. Karibu. Ruhusa imetoka?

— Karani amenituma nimupelekee bwana yako, aweke kidole, mambo yaishe. — Akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. — Bwana ya huyu mama ni nani?

Kabalo akatazama kikombe. Gazeti akaona ndege mbinguni. Nanga, aliyekuwa amesimama, akakaa.

— Ni nani? — Grégoire akarudia. — Maana jana, miye sikuwako, walikuja ku karani waume watatu. Mumoja alikuja asubuhi, akasema mama Amisa ni bibi yangu, mupe ruhusa. Mwingine akaja nyuma yake, akasema ni bibi yangu. Na biro ikiwa inafungwa, akaja muzee, naye akasema ni bibi yangu. Karani anasema, mama huyu iko na waume watatu ao iko na waongo watatu. Na kudanganya biro, wababa, munajua inapeleka mutu wapi.

Kicheko kilinipanda mpaka puani, kikafia hapo hapo. Niliona maana yake. Kila mmoja alikwenda kwa siri kumwazima jina lake, kama wanavyofanya wanaume wa kwetu kumlinda mwanamke njiani, na kila mmoja alitaka awe yeye peke yake atakayeshukuriwa. Sasa wote watatu wamemfunga miguu. Nilikasirika. Kili zetu zote ziko juu ya motokari!

— Mutu aseme! — nikapiga kelele. — Mulikuwa munasema tangu asubuhi, hata kukohoa mumefundisha! Sasa semeni!

Honi ya Emile ikajibu badala yao.

Amisa alichukua kikombe safi, akamimina kahawa yote iliyobaki katika birika, akampa Grégoire kwa mikono miwili.

— Kunywa, baba, umetembea sana. Bwana yangu anaitwa Yakubu. Amelala kule nyuma ya musikiti, njia ya kulia, kaburi yenye jiwe nyeupe. Hajaniacha, na miye sijamwacha. Karani akitaka jina, aandike ile. Sina ingine.

Grégoire akashika kikombe bila kunywa. Alikuwa mtu mzima, naona naye amezika.

— Pole, mama. Lakini mutu aliyekufa hawezi kuweka kidole. — Akawageukia wanaume, akauliza, wala si kwa ukali: — Ninyi mulimujua. Angekuwa hai, angemukatalia safari?

Gazeti akajipapasa mfukoni, kama anatafuta gazeti lake. Hilo halikuwa limeandikwa mahali. Kabalo akakuna goti. Mimi nilimtazama Nanga, na nadhani sote tulimtazama, maana ndugu alikuwa wake.

Nanga alikaa akiuminya ukingo wa mtumbwi kwa vidole. Halafu akasema, si kwa Grégoire, kwa Amisa.

— Yakubu angekubebea kili yeye mwenyewe. Angekuwa amekwisha kupanda motokari, anatuita. — Akavuta pumzi. — Miye ndiye nilikuwa ninakukatalia. Nilikwenda biro kusema wewe ni bibi yangu, ili ukumbuke una watu huku. Ninaogopa, shemeji. Ukikwenda usiporudi, ndugu yangu atakuwa amekufa mara ya pili.

— Shemeji, ninakwenda kushona. Nikimaliza kushona, ninarudi.

— Ndiyo. Ndiyo, ninasikia.

Akasimama. Nimemjua mzee yule miaka mingi na sijawahi kumwona akisimama namna ile, kwa mara moja, bila kuugua magoti. Akavaa koti lake.

— Twende ku biro, — akamwambia Grégoire. — Nitasema nilidanganya. Nitasema miye si bwana yake, ni shemeji yake, na nyumba yetu imemupa ruhusa. Wakitaka kunifunga, wanifunge, lakini kidole nitaweka. Na ninyi wawili, simameni.

— Sisi pia? — akauliza Kabalo.

— Munataka mama aende arusi na waume wawili waliobaki ku kitabu ya karani?

Wakasimama. Wakaondoka mbio, Amisa mbele na kifuko cha sindano zake kifuani, Nanga nyuma yake, Gazeti na Kabalo wakifuata huku wanagombana ni nani aanze kukiri. Grégoire akamalizia kahawa akiwa anatembea, akarudi kunipa kikombe, akawakimbilia. Nikabaki peke yangu na mtumbwi mtupu. Ninasema kweli, nilitamani kuacha kikaango nikapande na mimi.

Sikuona yaliyotokea biro. Niliona motokari tu. Ilipita mbele ya kijiwe ikitimua vumbi, na juu ya magunia ya pamba, katikati ya magurudumu yetu ya ukindu, alikaa Amisa, amejifunika koti kubwa la kiume lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Akaniona, akaweka mikono mdomoni, akaniuliza kwa sauti kubwa lile neno alilolianza tangu asubuhi:

— Mado! Kule wanavua viatu ku mulango, ao wanakanyaga mukeka na viatu? Nishone ukingo mumoja, ao miwili ili isifumuke?

Motokari ikakata kona kabla sijajibu. Na ningejibu nini?

Wanaume wakarudi mmoja mmoja. Walisema karani amepokea kidole cha Nanga, lakini amewagombeza vibaya, akawaambia watafagia uwanja wa biro siku ya soko, watu wote wawaone. Nanga alirudi wa mwisho, bila koti, mabega yake madogo kuliko nilivyofikiri. Akakaa mahali pake na, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono upande wa Amisa.

Mkono ukabaki hewani.

— Kahawa imekwisha, baba Ramazani, — nikamwambia. — Na mwenye kahawa amekwenda.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Nikawaambia swali la Amisa, la viatu na ukingo. Gazeti akaanza kufunga kamba ya kiatu. Kabalo akasema kule Kabalo watu wanaingia na mbuzi. Nikawachotea maji kutoka mtungi wangu. Nanga akakishika kikombe kwa mikono miwili, akayanywa yote, akaniomba mengine.

— Mama Mado, — akasema, — kesho tutatafuta mutu aliyefika kule. Tumuulize ile ya viatu. Akirudi akiuliza tena, tuwe tunajua.